Kulea Mimba kwa Hesabu za Mpakani

Kubana matumizi ya mtoto mchanga, kuanzia Sop Sop wilayani Tororo hadi Busia kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, huanza kwa kuchagua serikali. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma mwaka 2001. Kenya ikafuta ada za uzazi katika vituo vyake tarehe 1 Juni 2013. Hivyo mama aliweza kujifungua bure pande zote mbili, mradi asisahau glavu, pamba, wembe, karatasi ya nailoni na nauli ya bodaboda, ambayo hakuna rais aliyewahi kuifuta.

Hatua ya pili ni nguo. Mitumba ya watoto ndiyo akiba ya kweli, kwa kuwa mvaaji wa kwanza huwa amekua kabla ya kuichakaza. Anayevuka mpaka kufuata bei nafuu hulipia kugeuza shilingi kuwa shilingi, huku na huko, akarudi na fulana moja pamoja na somo la uchumi.

Chakula ndicho rahisi kuliko vyote: Shirika la Afya Duniani hupendekeza maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Kinachohitaji bajeti ni kumlisha anayenyonyesha, jambo ambalo baba huliona anasa hadi wageni waje kumtazama mtoto. Hapo kuku huchinjwa, soda hununuliwa, na akiba ya miezi 9 huliwa alasiri moja. Asiyeonja ni mtoto peke yake.