Saa Mbili na Nusu, Wanasema

Mpwa wangu ameweka kwenye simu programu ya kupima umbali wa viwanja vya ndege, na tangu siku hiyo hapa Fungurume hatupumui. Anaandika Luano, anaandika N'djili, anabonyeza: kilomita 1,560 hivi. Anagawa kwa 800, ndio mwendo wa ndege kwa saa, anaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. "Nonko, Lubumbashi mpaka Kinshasa ni saa mbili na nusu tu. Unaogopa nini?"

Naogopa barabara. Hiyo programu inadhani watu wote tumezaliwa uwanjani.

Kutoka kwetu mpaka Lubumbashi, kwa kupitia Likasi, ni karibu kilomita 200. Ukizigawa kwa 800 unapata robo saa. Haya, sasa zigawe kwa malori. Siku ya safari, la mbele yetu lilikuwa na namba za Tanzania, limebeba vibao vya shaba vilivyokazwa kwa minyororo. Mbele yake la Zambia na magunia ya kobalti. Na yote yakijikokota kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Moja likazimika mlimani. Tanboi akashuka bila haraka yoyote, akafungua kisanduku kilicho ubavuni mwa trela, akatoa mbabula, akawasha makaa, akaanza kusonga bukari. Ukiona bukari inasongwa katikati ya barabara, usiulize tena saa ya kuondoka.

Mtaniambia Kolwezi nako kuna uwanja. Najua. Ni kilomita 100 na kidogo tu kwa gari, na kutoka pale mpaka Kinshasa angani ni kama 1,300. Lakini ndege ya siku ile ilikuwa imejaa, na mahari ya watu niliyoitiwa Kinshasa haingoji.

Kilichoniuma zaidi ni ramani. Programu huvuta mstari mfupi kuliko yote juu ya mviringo wa dunia, nami nikamwambia kijana anionyeshe unapita wapi. Ukatoka Luano, ukashika kaskazini-magharibi, ukapita kando ya Likasi, ukaja huku huku kwetu! Ulipita pungufu ya kilomita 30 kutoka mlangoni pangu. Yaani nilale njiani, nilipe teksi, nilipe peaji ya barabara, nilipe Go-Pass ya uwanjani, nivuliwe mkanda na viatu, halafu rubani anirudishe Fungurume kwa dakika 20, na asinishushe.

Kijana akasema hesabu iko sawa. Hesabu iko sawa kabisa. Mgongo wangu ndio hauko sawa.

Nimefika Kinshasa nimejaa vumbi jekundu mpaka masikioni. Shemeji, mtu aliyehama Likasi zamani na kusahau kila kitu, akachukua tiketi yangu akaisoma. Kuondoka Luano, saa saba. Kufika N'djili, saa nane na dakika 20. Saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa nzima, lakini tiketi haielezi hayo.

"Shemeji, safari ya saa moja na dakika 20, ndiyo unalala kwenye kiti hivyo?"

Akageuza upande wa kurudi. Kuondoka saa saba, kufika saa kumi na dakika 20. Akanitazama kwa huruma.

"Kurudi ni mbali zaidi. Pumzika kwanza."