Marehemu Mshahara

Stashahada ya uuguzi na ukunga nchini Tanzania huchukua miaka 3, na anayetaka kuisoma hudaiwa ufaulu wa kidato cha nne katika kemia, baiolojia na fizikia. Hesabu za fedha hazimo kwenye orodha hiyo. Kwa anayetoka kwenye ajira, hata hivyo, hizo ndizo somo la kwanza, na kipindi huanza siku anapoandika barua ya kuacha kazi. Mfano unaotumika humu ni wa mkazi mmoja wa Nkuhungu, Dodoma, aliyekuwa mtunza stoo kwa miaka 8, ambaye mwandishi anamfahamu vizuri kuliko angependa.

Barua ina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo hakimhusu: hicho ni cha aliyeachishwa, na anayeondoka kwa miguu yake huchukuliwa kwamba mgongo ulishainuka wenyewe. Linabaki tumaini la NSSF, ambako kila mwezi hupelekwa asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Wengi huamini fedha hizo zimekaa mlangoni zikimsubiri mwenyewe. Fao la kujitoa, lililozua mvutano mkubwa mwaka 2012, ni habari ya zamani, na fao la kukosa ajira lililokuja na mabadiliko ya 2018 liliwekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeitupa. Mtunza stoo aliyajua haya akiwa ameshaaga, ameshatoa hotuba na ameshakula keki, ambayo mchango wake, ilibainika baadaye, ulikatwa kwenye mshahara wake wa mwisho.

Mkopo wa serikali nao una umri wake. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na kwa miaka mingi ilishughulika na wanafunzi wa shahada. Wa stashahada, wakiwemo wa fani za afya, walifunguliwa mlango katika mwaka wa masomo 2023/24. Ila miongozo imekuwa ikimtaka mwombaji awe amemaliza shule ndani ya miaka 5 iliyotangulia. Mwenye miaka 8 ya kuhesabu mifuko ya saruji anasoma mwongozo huo mpaka mwisho, anaurudia kutoka juu, kisha anafunga simu.

Historia ya fani yenyewe haimsaidii. Florence Nightingale alipoingia kwenye uuguzi mwaka 1853, baba yake alimwekea pauni 500 kwa mwaka, kiasi kilichomwezesha kufanya kazi bila kuulizia mshahara. Wanafunzi wa shule iliyofunguliwa London kwa jina lake mwaka 1860 walipewa malazi, chakula, sare na pauni 10 kwa mwaka. Huko ndiko kulikotoka picha ya muuguzi mwenye moyo wa kujitoa. Ni rahisi kujitoa ukiwa umeshakula. Baba wa mtunza stoo alitoa baraka na debe moja la karanga.

Vyuo havikosekani Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vya mwaka 2007, vinafundisha uuguzi, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu miaka ya 1920, ina chuo chake. Hicho cha mwisho kina gharama isiyoandikwa kwenye fomu, nayo ni muda wa maongezi, kwa sababu ukimwambia Mtanzania kwamba unaacha kazi ya mshahara na unakwenda Mirembe, lazima umweleze kwa kirefu. Mjomba mtu, kutoka Kondoa, alinyamaza kwanza kwenye simu. "Mjomba," akasema hatimaye, "unaenda au unapelekwa?"

Ada, pamoja na ukubwa wake, haina ujanja. Huja na namba ya malipo, hujulikana kiasi na tarehe. Shida ya mtunza stoo ilikuwa tarehe. Akiba yake yote ilikuwa kwenye kikoba cha mtaani: hisa kila Jumamosi, mfuko wa jamii, faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita kikaoni. Chuo kilifungua Oktoba. Kikoba huvunjwa Desemba, na katiba yake, iliyoandikwa kwenye daftari la kurasa 96 na kulindwa kuliko nyingine yoyote, hairuhusu mtu kutoa hisa katikati ya mzunguko. Inaruhusu kukopa hadi mara 3 ya hisa zake. Kwa hiyo alikopa sehemu ya fedha zake mwenyewe, akazilipia riba, akaweka mdhamini kwamba hatazikimbia, na kwa kuwa simu ya mweka hazina wa chuo iliita wakati wa kusaini, akapigwa faini.

Matumizi madogo ndiyo yasiyo na tarehe. Vifaa huanza na sare nyeupe na viatu vya kufunga, ambavyo vumbi la Nkuhungu huvipa rangi yake kabla ya kufika kituo cha daladala. Hufuata stethoskopu, mashine ya presha, bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 50,400, na saa ya kubandika kifuani. Kwenye saa mtunza stoo aliona pa kubana. Akanunua ya mnadani. Siku ya kwanza wodini alimshika mzee mmoja kifundo cha mkono, akatazama mshale wa sekunde na kuanza kuhesabu mapigo. Alifika 90, akafika 120, akapita 150 jasho likimtoka, huku mzee ametulia anamtazama kwa huruma. Alipofika 170 mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo saa imesimama."

Lakini mzigo mzito hauuzwi dukani. Mshahara ukifa haufi na jina lake. Benki inajua umekufa, mwenye nyumba anaambiwa na kuitikia kwa pole, halafu anakumbusha kuwa kodi ni ya miezi 6, kwani Dodoma ya leo si ile ya kabla ya serikali kuhamia. Wengine wote huendelea kuishi na marehemu. Dereva wa bodaboda aliyezoea kumpeleka kazini alipiga honi getini saa 12:30 asubuhi kwa wiki 3 mfululizo, na kwa aibu ya kumwambia ukweli mtunza stoo akapanda: elfu 2 kwenda, elfu 2 kurudi, siku 15, yaani shilingi 60,000 kwa ajili ya kulinda heshima mbele ya mtu mmoja mwenye helmeti. Kamati ya harusi ya binamu ilimletea kadi ya mchango, singo 50,000, dabo 100,000. Akaeleza kwamba sasa ni mwanafunzi, hana kipato. Mweka hazina wa kamati akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa, bosi," akasema. "Basi wewe toa singo."

Kinyume na inavyotarajiwa, aliyeuzika mshahara huo rasmi ni Mangi wa duka la kona. Kwa miaka 8 daftari lake la madeni lilikuwa na ukurasa ulioandikwa "Bosi", na chini yake unga, mafuta ya kupima, vocha, sabuni ya mche. Mwezi wa nne wa masomo mtunza stoo aliomba sukari nusu kilo ya kuandikwa. Mangi alifungua daftari, akapiga mstari mmoja chini ya ukurasa kwa rula, akajumlisha. "Mwanafunzi," akasema, akilitamka kwa mara ya kwanza, "kwanza tumalizane hili." Deni lilichukua wiki 7 kulipwa. Katika wiki hizo chai ilinywewa na karanga za baba badala ya sukari, daladala ikazoeleka, na matumizi ya mwezi yakashuka hadi pale ambapo hakuna bajeti iliyowahi kuyafikisha.

Hali hiyo hudumu mpaka mwanafunzi anapoanza kwenda wodini kila siku na kurudi mtaani jioni na sare yake. Mwalimu wa kikoba humwita pembeni kumwonyesha goti, jirani huja usiku na mtoto mwenye homa, kamati nyingine ya harusi hupata namba yake. Mtunza stoo alisimama dukani kwa Mangi jioni ya Ijumaa, amevaa nyeupe, mkononi ana shilingi 500 ya mkate. Mangi alimtazama kuanzia viatu hadi saa mpya ya kifuani, akavuta daftari, akafungua ukurasa mpya na kuandika juu "Dokta". Kisha akauliza, kalamu ikiwa tayari, kama sukari iwe kilo moja au mbili.