Heko kwa Jarida Lililoikataa Komoni

Watu wamezoea kuyasema vibaya majarida ya kitaalamu. Eti yanachelewesha, eti yana dharau, eti yanamla mtu muda na bando. Hayo ni maneno ya wasio na shukrani. Mimi mkazi wa Lumemo, hapa Ifakara, nasimama leo kulisifu jarida moja la Ulaya linaloshughulikia afya ya akili na uraibu. Jina lake nalihifadhi, lisije likaelemewa na foleni ya watu wa Kilombero wanaotafuta baraka zake.

Fadhila zake ndogo nazipitia mbio. Linafundisha unadhifu: marejeo uliyoyapanga kwa namba linataka uyapange kwa majina, na ukishayapanga kwa majina linakukataa, ukimbilie jarida jingine linalotaka namba. Linafundisha ibada, maana hakuna anayebonyeza kitufe cha kutuma makala, masika yananguruma upande wa Udzungwa na umeme unapepesa, asimtaje Mungu. Linajenga hata undugu. Mhakiki wa kwanza aliipenda kazi yetu, akaomba tu tutaje makala kadhaa za mwandishi mmoja. Ukizisoma zote unaanza kuhisi kwamba mhakiki huyo mmeshajuana.

Ila fadhila iliyo mama wa hizo zote ni mapenzi yake kwa kipimo.

Makala yetu ilihusu pombe na sonona. Mhakiki wa pili aliiangusha kwa swali moja: kila mshiriki hunywa vinywaji sanifu vingapi? Swali halali. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 10 na linalomweka mtu kwenye hatari akifikisha alama 8, limejengwa juu ya kinywaji sanifu chenye gramu 10 za kilevi kitupu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu gramu 20. Hivyo ni vinywaji viwili, na lebo ishukuriwe. Sasa twende kilabuni.

Komoni, pombe yetu ya kienyeji, haina lebo. Asubuhi ni tamu, mtoto angeweza kuiomba, jioni imekomaa, ikilala mpaka kesho inauma. Ndoo ni ileile, muuzaji ni yuleyule, lakini wa saa nne na wa saa kumi na mbili hawakunywa kitu kimoja. Tena hainywewi na mtu mmoja. Wanne huchanga, kopo linazunguka, na kati ya wanne hao hakosekani mmoja mwenye funda refu. Gongo ndiyo usiseme: matone ya kwanza ni moto, ya mwisho ni maji yenye harufu, na katikati muuzaji ana siri zake.

Hapo ndipo ukuu wa mhakiki wa pili unapong'aa, kwa kuwa ametuonyesha Lumemo inavyopaswa kuwa. Mama muuza komoni avae koti jeupe, achovye hidromita kila baada ya nusu saa na kuandika ubaoni. Kopo la mchango lichorwe mistari minne, na kila anayepiga funda atie saini pembeni ya mstari wake. Mwenye kuonja cha ndugu yake, hata kwa adabu tu, ajaze fomu ya kuonja. Risiti ya EFD itaje gramu. Babu akifikisha gramu 60 apige kengele, balozi wa nyumba kumi aje kushuhudia, nakala iende kwa mtendaji wa kata. Machicha nayo yapimwe kabla ya kupewa nguruwe, tusije tukawa na uraibu usioripotiwa. Na mume atakayerudi Jumamosi usiku na kumpiga mkewe, hatimaye tutajua alimpiga kwa gramu ngapi.

Mke anajua tayari. Jirani aliyeamka kwa kelele anajua. Muuguzi wa zahanati anayeshona jeraha alfajiri anajua, na mwalimu anayemwona mtoto akisinzia Jumatatu anajua. Sijamsikia hata mmoja wao akiuliza gramu.

Na hao wenye kipimo wenyewe hawajaelewana! Uingereza inahesabu kwa gramu 8, Marekani kwa gramu 14, Shirika la Afya Duniani kwa 10. Wenye viwanda, lebo na maabara wanatofautiana hivyo, halafu ndoo ya Lumemo ndiyo inayodaiwa usahihi.

Nirudi kwenye sifa, nisije nikaonekana nina kinyongo. Ifakara si wageni wa majarida. Tangu Waswisi walipofungua maabara yao hapa miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara, bonde hili limechapishwa sana duniani. Mbu wa kijiji cha Namawala anafahamika Basel kwa Waswisi hao kuliko diwani wetu. Mbu ni kiumbe muungwana: anaingia mtegoni, anahesabiwa kwa usiku mmoja, hana mashemeji wa kuchangia naye kopo. Hata heroini ya Dar es Salaam ina nafuu yake. Tangu Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni mwaka 2011, dawa hupimwa kwa miligramu na kunywewa mbele ya mhudumu, na penye miligramu makala hupita. Mlevi wa kilabuni hana mtego wala miligramu. Basi hayupo.

Kuchapishwa nako si kusikika. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, miaka ya 1960 ikianza. Aliwaona watoto wanaoinamisha vichwa kwa mishtuko ya kurudiarudia, akaandika. Dunia iligutuka miaka 40 hivi baadaye, ugonjwa wa kusinzia kichwa ulipovuma kutoka Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Wazazi wa Mahenge hawakuwa wamengoja jarida ili kujua kwamba watoto wao wanaanguka motoni.

Kuna pia ada ya kuchapisha. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba Tanzania imeingia uchumi wa kati wa chini. Tulishangilia, na wengi hatukujua kwamba kwa baadhi ya wachapishaji msamaha wa ada nao ulikuwa unageuka punguzo. Nusu ya dola elfu mbili bado ni dola elfu moja, na mkulima wa mpunga aliyejibu maswali yetu hajaambiwa kwamba ametajirika.

Lakini jarida nalionea. Halikuja Lumemo kututafuta. Tulilifuata sisi, kwa sababu chuoni mtu hupanda cheo kwa pointi za makala, na karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani mwa zahanati haina pointi. Tunamketisha mama wa watu kivulini, tunamuuliza mara ngapi mumewe ameshindwa kuacha kunywa, mara ngapi yeye mwenyewe ametamani afe, tunamshukuru kwa sabuni, tunaondoka. Majibu yake yanasafiri kwa Kiingereza hadi kwa mtu asiyeijua komoni, na sisi tunarudi tukiitwa wahadhiri waandamizi. Yeye hatumrudii.

Wakuu wa vyuo, nawaombeni: mwandishi atakayesimama kwenye mkutano wa kata, akawaeleza kwa Kiswahili watu waliojibu maswali yake alichokikuta, akaulizwa na akajibu, mpeni pointi. Hata nusu. Na mhakiki mumtafute hukohuko mkutanini.