Fahari ya Kijiwe cha Drafti Zama za Korona

Kijiwe cha drafti ni uwanja wa vita wa majeshi mawili ya visoda, wenye majemadari wawili waliokaa na washauri wengi waliosimama. Katika Jiji la Dodoma hupatikana Majengo, Chang'ombe, Makole, Kizota na Nkuhungu, jirani na maegesho ya bodaboda au kwa fundi viatu, mahali popote penye mwarobaini wenye kivuli cha kutosha benchi moja. Wenye haraka zao hukiita maskani ya wavivu. Hukumu hiyo ilitolewa kabla ya ushahidi kukamilika. Kati ya Machi 2020 na Julai 2021 taasisi nyingi zenye majengo, mihuri na walinzi zilifungwa, zilihamia mtandaoni au zilikaa kimya. Kijiwe hakikufanya hata moja kati ya hayo matatu, na sifa zake zote huanzia hapo.

Zana zake kwanza. Ughaibuni vita vya mezani ni anasa. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alivitungia kitabu cha kanuni mwaka 1913, Little Wars, na tangu hapo watu wazima wenye kazi zao wamekuwa wakinunua askari wadogo wa risasi au plastiki, wakiwapaka rangi kwa brashi nyembamba hadi vifungo vya koti, kisha wakisafiri mbali ili wakapiganishe vikosi hivyo na vya wenzao. Jeshi la kijiweni huokotwa nje ya baa. Askari ni 12 kila upande, nao huja wameshavaa sare za kiwandani: wa Fanta upande huu, wa Coca-Cola upande ule, na rangi zikikosekana, kikosi kimoja hulala kifudifudi na kingine chali. Askari anayefika mstari wa mwisho hubebeshwa mwenzake mgongoni na papo hapo huwa kingi, cheo kisichohitaji kikao cha uteuzi. Uwanja ni kipande cha plaiwudi au ubavu wa katoni, miraba 64 iliyochorwa kwa kalamu na rula, mara nyingine bila rula. Bajeti ya ulinzi ni sifuri, na hakuna taarifa ya mkaguzi iliyowahi kuitilia shaka.

Bao ni ndugu mkubwa mwenye heshima zake. Lina kete 64, lina nyumba, kichwa na kimbi, lilichezwa na Mwalimu Nyerere, na wataalamu wameliandikia vitabu. Drafti haina mlezi wa namna hiyo. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa mchezo usio na heshima ya kulinda humpokea yeyote anayepita.

Uti wa mgongo wa kijiwe, hata hivyo, ni watazamaji. Mchezaji hukaa, hufikiri, hukosea na kuliwa. Mtazamaji hajawahi kukosea. Yeye ndiye aliyeona kete tatu mapema kwamba kile kisoda cha pembeni kingeliwa, na ndiye atakayelieleza jambo hilo mara tu baada ya kuliwa, kwa sauti ya mtu aliyeudhiwa na ujinga wa dunia. Huelekeza kwa kidole, na akipingwa hushika kete za watu. Huegemea bega la mchezaji mmoja ili amshauri mwenzake. Anayefungwa humpisha mwingine, kwa hiyo kila mshauri hatimaye huitwa kwenye benchi athibitishe elimu yake, na wengi hukumbuka ghafla kuwa kuna abiria anawasubiri. Wanawake ni wachache kijiweni, na sababu haihitaji utafiti: saa za mchezo ni saa za kazi.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, baada ya kutua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule na kuzuiwa kwa mikusanyiko ya michezo, na baada ya hapo vyuo navyo vikafungwa, hata mabweni ya Chuo Kikuu cha Dodoma yakabaki na upepo. Katika ukumbi wa Bunge, wabunge waliketi kwa kuachiana viti huku wenzao wakifuatilia kikao kutoka kumbi nyingine. Ndani ya daladala abiria hawakuruhusiwa kusimama. Huko Indianapolis, Gen Con, mkutano mkubwa wa michezo ya mezani wa Marekani, ulihamishiwa mtandaoni mwaka 2020, na mwaka uliofuata ulirudi kwa barakoa za lazima na watu waliopunguzwa. Kijiwe hakikuhama. Kisheria kilikuwa katika hali ya kupendeza: hakikuwa michezo, kwa sababu hakuna aliyekimbia, wala hakikuwa mkusanyiko, kwa sababu kila aliyeulizwa alikuwa anapita tu.

Kanuni za afya zilitekelezwa kwa ubunifu. Wananchi walihimizwa kuachiana nafasi ya mita moja au zaidi. Ubao wa drafti haufiki nusu mita, na vichwa vinne vikiinama juu yake kutafuta njia ya kumwokoa kingi, nafasi inayobaki haipimiki kwa rula iliyotumika kuchora miraba. Ili kufidia, ndoo ya maji yenye koki iliwekwa mlangoni mwa duka la jirani, na kijiwe kizima kilikuwa na haki ya kuitazama. Barakoa zilikuwepo: nyingine kidevuni, nyingine zikining'inia sikio moja, kwa sababu ushauri hausikiki vizuri kupitia kitambaa. Kuhusu zana, watafiti wa Marekani walionyesha mwezi huohuo wa Machi kwamba virusi hivyo katika maabara viliweza kudumu siku mbili hadi tatu juu ya plastiki na chuma kisichoshika kutu, lakini kama siku moja tu juu ya kadibodi. Kwa kipimo hicho katoni ya kijiweni ilikuwa salama kuliko jeshi lililosimama juu yake, na majenerali wachache duniani wanaweza kujivunia ardhi inayowazidi askari wao afya.

Kuna sifa moja, hata hivyo, ambayo haina haja ya kutiwa chumvi. Kijiwe kiko nje. Dodoma imekaa juu ya uwanda mkavu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni upepo wa kusini-mashariki huvuma na vumbi lake hadi katoni hulazimika kuwekewa mawe pembeni. Dunia ilichelewa kukubali kwamba hewa iliyofungiwa ndani ilikuwa hatari kuliko kitasa cha mlango, na mashirika yaliyotumia fedha nyingi kupulizia dawa kwenye sakafu yalikuja kuambiwa yafungue madirisha. Kijiwe hakikuwa na dirisha la kufungua. Umaskini wake wa kukosa kuta ulikipa kinga ambayo kumbi zenye viyoyozi hazikuwa nayo, ingawa haikuwa kinga kamili kwa aliyekuwa akikohoa juu ya miraba.

Upande wa takwimu kijiwe hakina mpinzani. Taarifa za mwisho za mwaka 2020 zilihesabu wagonjwa 509 na vifo 21 nchini, na baada yake hesabu za taifa hazikutolewa tena hadi katikati ya mwaka 2021. Kijiwe kiliendelea kutoa taarifa kila siku isipokuwa siku za mvua. Vyanzo vyake vilikuwa shemeji wa mtu, dereva wa lori la Singida, na ukimya wa aliyezoea kuja saa kumi. Takwimu hizo zilikuwa na kasoro moja, kwamba zilibadilika kulingana na aliyekuwa anashinda, lakini zilikuwepo. Wazee wa kijiwe pia walijua kusoma kiti kitupu bila kukitaja. Mtu asiyeonekana wiki mbili alisemwa kuwa yuko kijijini, Mpwapwa au Kongwa, na aliyefuata alikaa mahali pake bila kuuliza.

Katika tiba kilichangia mali. Nyungu ilipoenea, wapita njia walikuja kuchuma majani ya mwarobaini kwa ajili ya kujifukiza, yakachanganywa na mchaichai, tangawizi na malimau. Kijiwe kilitoa majani bila malipo na ushauri bila kuombwa, huku kivuli kikipungua juu ya benchi. Chanjo ilipozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, kilipokea wataalamu wa pande zote mbili kwa usawa. Waliochanja walionyesha bega, wasiochanja walionyesha video kwenye simu, na hoja zilipokwama ziliamuliwa kwa drafti, utaratibu usio wa kisayansi ila wenye matokeo yanayokubaliwa na wote waliohudhuria.

Lawama zinazobaki ni ndogo. Husemwa kwamba kijiwe hupoteza muda, kana kwamba dereva wa bodaboda asiye na abiria katika mji usio na wanafunzi alikuwa na pengine pa kuuwekeza. Husemwa pia kwamba huleta ugomvi. Ugomvi upo, lakini hutokea kwa sababu ya kisoda kilichosogezwa wakati mwenye zamu akipokea simu, na dawa yake ni kupanga upya kete zote 24. Tatizo zito ni la uandikishaji. Soda nyingi sasa huuzwa katika chupa za plastiki, na vifuniko vyake vya kuzungusha ni vyepesi mno kwa upepo wa Dodoma. Bado vinaingizwa jeshini, vikiwa vimejazwa udongo ili visimame.