Sifa za Gokati ya Gia Siku ya Mvua

Wengine na wasifu ngamia wa mbio, wasifu Land Cruiser inayopanda tuta la mchanga huku mwenyewe kaning'iniza mkono dirishani. Mimi hapa Jalan Bani Bu Ali, Oman, namsifu asiyesifiwa na mtu: gokati ya gia, tena siku ya mvua, tena chini ya dereva mgeni wa mchezo.

Haina paa, haina springi, haina difu. Ina injini ya cc 125, gia sita, na kiti kinachokaribia kuburura lami. Anayeipanda anapewa maji ya juu kutoka mawinguni na maji ya mbele kutoka tairi za aliyemtangulia. Hamamu gani Muscat inatoa yote hayo kwa malipo mamoja?

Sifuni na msimamo wake. Magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja; ili ikate kona, la ndani lazima linyanyuke kidogo. Lami ikilowa, tairi za mbele hazishiki vya kutosha kulinyanyua. Mgeni anazungusha usukani, gokati inakwenda kule kule ilikokusudia. Akikasirika akakanyaga mafuta, inamgeuza nyuma mbele, awaamkie wenzake wanaokuja, uso kwa uso. Adabu iliyoje!

Na elimu je? Kijana wetu, ndiye huyo mgeni, kalelewa ukingoni mwa Ramla ya Wahiba: mchangani unapunguza upepo wa tairi, unafuata alama za waliopita. Gokati kwenye mvua inampindulia kila kitu. Upepo huongezwa. Fundi hutanua nafasi kati ya magurudumu ya mbele na kunyanyua kiti. Ile njia iliyopitwa na wote, yenye mpira uliogandia lami, ndiyo inayoteleza kama sabuni. Mwerevu huzunguka kwa nje, wasikokwenda watu. Nakiri ni elimu ya hatari kidogo kumpa kijana wa ukoo wenye wazee wengi.

Msidhani haya ni porojo za barazani. Imola, Italia, Aprili 2024, mvua ilivuruga mbio za magari za saa sita. Ferrari zilizokuwa zikiongoza, tena nyumbani kwao, zilibaki uwanjani na tairi za pakavu zikapoteza ushindi. Siku hiyo Muomani Ahmad Al Harthy, akishirikiana na Valentino Rossi na Maxime Martin, alishika nafasi ya pili katika daraja la LMGT3.

Ila ya gokati ni moja, nayo si yake: mvua yetu ni haba, na inayofaa ikija, wadi, yaani mabonde makavu, hushuka kwa mafuriko, na safari ya uwanja wa gokati Muscat, karibu kilomita 300, huahirishwa.

Basi, wazee wenzangu, kijana akiomba pesa ya helmeti, mpeni. Akiomba gari akafanyie mazoezi kwenye wadi inayoshuka, mnyang'anyeni funguo, kwani wadi haina fundi wala duru ya pili, na sheria ya Oman inamwadhibu anayeivuka kwa makusudi.