Namna ya Kumtia Mama Hatiani kwa Mishale Miwili

Ukitaka kujua kama ukali wa mama ndio unaomfanya mtoto awe mkorofi, au ukorofi wa mtoto ndio unaomfanya mama awe mkali, njia rahisi ni hii. Shuka Nangurukuru, pale njia ya Kilwa Masoko inapoachana na barabara kuu ya Lindi. Mtafute mama muuza korosho, msalimie, toa dodoso: amemfokea mwanawe mara ngapi, na mwanawe ana ukorofi kiasi gani? Majibu yote mawili atoe yeye. Mwakani rudi, umuulize tena. Fanya hivyo nyumba mia kadhaa, kisha chora mishale miwili inayopishana: mmoja kutoka kwa mama wa mwaka jana kwenda kwa mtoto wa mwaka huu, mwingine kutoka kwa mtoto kwenda kwa mama. Mwenye mshale mnene ndiye mshtakiwa.

Ila usikae pale kituoni kutazama. Ukikaa utaona basi la Mtwara linasimama, mama anakimbilia dirishani na sinia, mtoto kang'ang'ania kanga analia, mama anamkaripia, mtoto anajibwaga chini, konda anagonga bodi, basi hilo limekwenda na korosho hazijauzwa. Ni dakika mbili tu, na kila mmoja kamchochea mwenzake mara kadhaa. Madodoso yaliyoachana mwaka mzima hayayanasi hayo.

Mwanasaikolojia Richard Bell aliandika tangu mwaka 1968 kwamba mtoto naye hubadili mwenendo wa mzazi. Kigumu ni kulipima jambo hilo. Mwaka 2015 mtafiti Ellen Hamaker na wenzake walionyesha kuwa hesabu ya mishale huchanganya tofauti za kudumu baina ya watu na mabadiliko ya mtu yule yule. Nyumba yenye dhiki ya siku zote pale Kilwa Kivinje yaweza kuwa na mama mkali na mtoto mkorofi, na hakuna aliyemharibu mwenzake. Hesabu waliyopendekeza huyatenganisha hayo, lakini hudai vipimo visivyopungua vitatu, na bado hupitwa na yanayobadilika katikati: bei ya korosho, malaria, baba kukaa dago, kambini kwa wavuvi.

Mshale mbovu ukiingia kwenye ripoti, mama huitwa semina akafundishwe upole, na dhiki iliyowabana wote wawili hubaki palepale. Hiyo ni dhuluma.

Basi mtafiti, ukija Kilwa, pima mara nyingi na kwa karibu. Muulize na bibi, muulize na mwalimu. Mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe kabla ya kumlinganisha na wa jirani. Na ukiwa na vipimo viwili tu, andika kwamba mambo haya huandamana. Nani alianza, usiandike.