Misingi ya Halloween Safi: Mhadhara kwa Wazazi Wasio na Cheti

Halloween safi ni taaluma inayoshughulikia namna ya kumtoa mtoto nyumbani jioni ya tarehe 31 Oktoba akiwa amevaa kama zimwi, kumzungusha mitaani, kisha kumrudisha akiwa na meno yake yote, sukari ya kadiri, na deni dogo kwa anga la dunia. Taaluma hii ni changa, lakini tayari ina wataalamu wengi kuliko wanafunzi. Makao yake ni Marekani, hasa vile vitongoji ambako kila nyumba ina uwanja wa nyasi na kila mzazi amesoma kitabu kimoja cha lishe. Mtaalamu anayeifafanua hapa amejifundisha mwenyewe, na kwa kuwa hakuna chuo kinachotoa shahada yake, hakuna pia aliyewahi kumfelisha.

Historia haihitaji kukawizwa. Waselti wa Ireland na Uskoti walikuwa na Samhain, sikukuu ya kufunga mavuno na kuukaribisha msimu wa baridi. Kanisa likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, na mkesha wake ukabaki na mizimu. Waayalandi waliokimbia njaa ya viazi ya miaka ya 1845 hadi 1852 waliivusha desturi hiyo Atlantiki kwa wingi. Kwao walikuwa wakichonga sura za kutisha kwenye tanipu. Marekani wakalikuta boga, kubwa zaidi na lenye utupu tumboni, wakaiacha tanipu bila kuaga. Desturi ya watoto kupita nyumba kwa nyumba wakidai kitu kitamu, huku wakitishia utundu wakinyimwa, ilisambaa nchini humo katika miaka ya 1930, ikakatizwa na mgao wa sukari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikarudi sukari iliporudi. Msomaji makini ataona hapo jambo ambalo wataalamu wengine hupenda kuliruka: watoto hawakuwa wakidai karoti.

Somo la kwanza ni vazi. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Uingereza, Hubbub na Fairyland Trust, yalichunguza mavazi 324 ya Halloween kutoka kwa wauzaji 19, yakakuta kwamba asilimia 83 ya malighafi yake ni plastiki, sehemu kubwa ikiwa poliesta. Makadirio yao kwa nchi hiyo moja yalifikia tani 2,000 za taka ya plastiki kwa mwaka. Mtoto anayejifanya mfu kwa jioni moja huvaa, basi, kitu ambacho chenyewe hakina mpango wa kufa.

Dawa ya kitaalamu ni pamba iliyolimwa bila kemikali, ikashonwa nyumbani na kutiwa rangi ya maganda ya vitunguu. Vazi hilo hula fedha na majuma, na likikamilika mtoto hulitazama na kuuliza Spider-Man yuko wapi. Njia ya pili hutajwa kwa sauti ya chini kwa sababu haihitaji mtaalamu: shuka kuukuu lenye matundu mawili. Ipo pia siku maalumu ya Oktoba ambapo wazazi wa Marekani huhimizwa kukutana na kubadilishana mavazi yaliyowabana watoto wao. Familia zinazozungumza Kiswahili huko Minnesota au Texas hulipokea tangazo hilo kwa mshangao wa heshima, kwa kuwa kwao nguo ya kaka kumwangukia mdogo wake haikuwahi kuwekewa tarehe kwenye kalenda.

Rangi ya uso nayo huchanganywa nyumbani, kwa kuwa vipimo vimewahi kukuta risasi katika baadhi ya rangi za madukani. Mtaalamu huagiza wanga wa mahindi, mafuta ya nazi na manjano kidogo. Mchanganyiko huo hauna risasi. Una manjano, ambayo mtoto ataenda nayo shuleni kesho yake, na pengine keshokutwa.

Somo la boga ni pana. Illinois ndiyo inayoongoza kwa maboga Marekani, na mji wake wa Morton hujitangaza kuwa makao makuu ya maboga duniani. Hata hivyo sehemu kubwa ya mavuno hayo huingia kiwandani na kutoka katika makopo. Boga la kuchonga ni ukoo mwingine. Aina kama Howden ilichaguliwa kwa ganda lake imara, kikonyo kinene na umbo la kupendeza. Nyama yake ina maji mengi na ladha haba. Wakulima werevu, kwa maneno mengine, walitumia miaka kuliondolea tunda sababu ya kuliwa ili likae vizuri barazani. Sikukuu ikiisha hutupwa dampo, ambako huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hulipasha anga joto takriban mara 28 zaidi ya uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Hapa ndipo mtaalamu hutoa ugunduzi wake mkuu, matunda ya tafakuri ndefu: boga linaweza kupikwa. Ugunduzi huo umepokewa kwa utulivu na watu waliofuturu boga la nazi tangu utotoni, ambao hawaachi hata majani yake. Mtaalamu hakukata tamaa, akaongeza kwamba mbegu nazo hukaangwa kwa chumvi na zina zinki, magnesi na protini. Utulivu uliendelea. Sharti ni moja: boga lililochongwa na kukaa nje siku kadhaa na mshumaa tumboni halifai tena kwa sufuria, hilo ni la mboji, baada ya kukwanguliwa nta. Kwa hiyo mzazi aliyeelimika hununua maboga mawili, moja la kuchonga na moja la kula, ili apunguze upotevu wa boga. Hesabu hiyo taaluma bado inaifanyia kazi.

Kuhusu mwanga, mshumaa wa kawaida ni wa parafini, yaani zao la mafuta ya petroli. Wa nta ya nyuki ni ghali. Taa ndogo ya LED haitoi moshi, lakini nyingi huendeshwa na betri bapa ya ukubwa wa kifungo, ambayo mtoto akiimeza inaweza kumuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Kwa kuwa kila mwanga una dhambi yake, mtaalamu huelekea kupendekeza giza, ambalo ni la bure na halitoki nje ya mada. Utando wa buibui wa bandia usitandazwe vichakani, kwa maana hunasa ndege. Buibui wa kweli, wakiachwa bila kusumbuliwa na ufagio tangu Agosti, hutoa utando bora zaidi, na nyumba chafu hupata hadhi ya mradi wa mazingira.

Sasa pipi. Shirika la Moyo la Marekani linashauri kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 18 asizidishe gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, karibu vijiko sita vya chai. Chokoleti tatu za ukubwa mdogo hukaribia kikomo hicho, na mtoto mwenye miguu mizuri huzipata kabla ya kona ya kwanza. Mtaalamu hufundisha kubadili: ndizi iliyomenywa, ikatiwa macho mawili ya zabibu kavu, iitwe mzimu, chenza lichorwe meno, liitwe boga dogo. Matokeo ya ndizi hayajachapishwa.

Kuna hata hivyo ushahidi wa kutia moyo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha jaribio la watoto 284 wa miaka 3 hadi 14 huko Connecticut, waliofunguliwa mlango na kuonyeshwa sahani mbili, moja ya pipi na moja ya vitu vidogo vya kuchezea. Karibu nusu yao walichagua vya kuchezea. Wataalamu walishangilia, wazazi wakaingia madukani, wakarudi na mapete, mapopo na meno ya vampaya, vyote vya plastiki. Afya ilipata ushindi kamili, na aliyeshindwa alikuwa mazingira.

Vitu visivyo vya kula vina kazi moja isiyo na mzaha. Boga lililopakwa rangi ya kijani cha samawati, likawekwa mlangoni, huwaarifu watoto wenye mzio wa karanga au maziwa kwamba hapo watapata kitu kisichowadhuru. Wazo hilo lilianza Tennessee mwaka 2012 na likawa la kitaifa mwaka 2014. Mtaalamu hana kasoro ya kuitaja humo, isipokuwa kwamba hakulibuni yeye.

Kuhusu pipi zenye sumu, Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amezifuatilia habari hizo kwa miongo kadhaa, akirudi nyuma hadi mwaka 1958, asipate tukio lililothibitika la mtu baki kumuua mtoto kwa pipi aliyomgawia mlangoni. Ukaguzi wa pipi moja moja juu ya meza ya jikoni unabaki basi na faida moja, ambayo wazazi hawaitangazi: humpa mkaguzi nafasi ya kujichagulia zake.

Tabia ya mlaji nayo imepimwa. Mwaka 1976 Edward Diener na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika katika nyumba 27 za Seattle. Watoto zaidi ya 1,300 waliambiwa wachukue pipi moja moja, kisha mwenye nyumba akaondoka huku jicho la mtafiti likiwa mafichoni. Kati ya waliokuja peke yao na kuulizwa majina, asilimia 7.5 waliiba, kati ya waliokuja kundi bila kuulizwa majina, asilimia 57. Jaribio halikurudiwa kwa karoti, na sayansi imepata hasara, kwani huenda huo ndio ungekuwa usiku wa uadilifu mkubwa kuliko wote katika historia ya Seattle.

Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana, na utafiti wa taasisi ya NORC uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 katika maeneo ya kilimo cha kakao ya nchi hizo walikuwa wakifanya kazi za zao hilo. Taaluma ya Halloween safi ina sura ndefu juu ya afya ya mtoto anayekula chokoleti. Juu ya mtoto anayevuna kakao ina aya hii.

Njiani, sheria ni kutembea kwa miguu na kuliacha gari nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa takwimu za Marekani za mwaka 1975 hadi 2016 ulionyesha kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kuuawa barabarani huwa juu kwa asilimia 43 jioni ya Halloween. Tangu mwaka 2007 saa za nchi hiyo hazirudishwi nyuma mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo watoto hupata mwanga wa ziada. Hautoshi. Vazi la pamba lililosifiwa hapo juu halionwi na dereva gizani, hivyo lishonewe mkanda unaong'aa taa zikiupiga. Mkanda huo ni wa plastiki, na mtaalamu ameukubali bila mjadala.

Linabaki suala la shehena. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba nyumba huwa na pipi kuliko duka la jirani, zikiwa ndani ya karatasi za plastiki na alumini zilizoshikana kiasi kwamba mitambo mingi ya kuchakata taka hushindwa kuzitenganisha. Baadhi ya wazazi humtumia mchawi mwema ambaye hupita usiku, akazichukua na kuacha zawadi. Asubuhi mchawi huyo hunukia chokoleti. Wengine huzipeleka kwa madaktari wa meno, ambao tangu mwaka 2005 wamekuwa na mpango wa kuzinunua kutoka kwa watoto kwa uzito, mara nyingi kwa dola moja kwa ratili. Hufungwa katika masanduku na kupelekewa wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo. Meno ya wanajeshi hayamo katika mtaala huu.